Golapjan Bibi na Mwisho wa Nilufa

Wazee wetu, mama zetu, wajomba na mashangazi, majirani wa Shalukhati, na ninyi mliotoka mbali kwa mitumbwi na kwa kukanyaga tope la haori, bonde letu linalogeuka ziwa kila masika, lililoanza kukauka, amani iwe juu yenu nyote. Familia ya mzee Tofazzal Hossain, ambaye hakuna hata mmoja wenu anayemwita hivyo, nyote mnamwita Tota Mia, imenituma mimi, mjukuu, nisome maisha ya mkewe, bibi yetu Golapjan, kabla jeneza halijainuliwa. Yeye mwenyewe aliagiza yasomwe polepole na kwa sauti ya kufika jikoni, kwa sababu, alisema, wanawake wa jikoni ndio husikiliza hadi mwisho, wanaume husikiliza huku wakitafuta viatu vyao.

Marehemu Golapjan Bibi alizaliwa tarehe 9 Agosti mwaka 1951, katika kijiji cha Jamtoli, wilaya ya Netrokona, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Surujjaman, karani wa ghala la juti, na mkewe marehemu Jobeda. Tarehe hiyo inajulikana kwa hakika, maana usiku huo jiko lao liliangushwa na mvua, na baba yake, kwa mazoea ya kazi yake, aliyaandika mambo yote mawili kwa mkaa juu ya mlango, jiko kuanguka na binti kuzaliwa, kwa mpangilio huo.

Alianza shule ya msingi ya Jamtoli mwaka 1957, na baadaye akajiunga na shule ya wasichana ya mji mdogo uliokuwa karibu, alikosoma hadi darasa la tisa. Alikuwa mtu wa kusoma kila chenye herufi, magunia, makopo, vibandiko vya dawa, na zaidi ya vyote alipenda mashairi ya karatasi, yale yaliyokuwa yakiuzwa sokoni na ndani ya treni, karatasi moja ya bei rahisi iliyokunjwa ikawa kurasa nane, yenye picha juu na kisa ndani, cha mafuriko, cha wapendanao, cha mke aliyemtoroka hakimu, cha treni iliyoacha reli. Nyumbani kwao hayakununuliwa, lakini muuza bisi za mchele aliyekaa nje ya shule alizifunga bisi zake kwa mashairi yaliyochakaa, na msichana huyu alikula harakaharaka ili aikunjue karatasi, akakuta kisa kisicho na kichwa, au chenye kichwa kisicho na miguu. Alituambia kwamba alikua akiamini kuwa dunia nzima imeandikwa vipande vipande, na kwamba kazi ya mtu ni kuviunganisha.

Mwaka 1966 posa ilikuja, akatolewa shule. Alivifunga vitabu vyake kwa kamba ya juti akampa mdogo wake, na siku ya Ijumaa, tarehe 15 Julai mwaka huo, aliolewa na Tota Mia, mkulima wa hapa Shalukhati, kijana wa miaka ishirini ambaye hakujua kusoma wala kuandika, ila alisikia wimbo mara moja akaurudia wote kama ulivyo, ndiyo sababu alipewa jina la Tota, yaani kasuku.

Aliletwa kwa mtumbwi, haori ikiwa imejaa, na alilia kutoka Jamtoli hadi kwenye gati letu. Aliendelea kulia alipofika. Mama mkwe wake, marehemu Sabjan, alimpa vitumbua vya sukari guru, akavila huku analia. Wifi yake Moyna, ambaye yuko hapa nasi na hatakasirika nikisema kwamba mdomo wake haujawahi kuwa na mlango, alimchana nywele, akalia huku anachanwa. Kwa mumewe hakutoa neno hata moja, na babu yetu hakujua afanye nini, kwa sababu alikuwa mtu mwema lakini hakuwa na kipaji kingine zaidi ya kile kimoja.

Basi Jumatano alikwenda sokoni, akamkuta Gedu mwimbaji, muuza mashairi, amesimama juu ya kreti akiimba kisa kipya kilichotoka kuchapwa, Kisa cha Kweli cha Nilufa, Bi Harusi wa Mafurikoni, na aliporudi aliketi kizingitini mwa chumba chao, akamwimbia mkewe aliyekuwa amempa mgongo. Aliimba habari za Nilufa aliyeozwa kwa mtu asiyemtaka, akapandishwa mtumbwini na ngoma na wapambe, akafikishwa katikati ya haori, mpaka hapa:

Maji yamejaa pote, mbele nyuma na pembeni,
Nilufa akasimama, ukingoni mtumbwini;
Kukasikika kishindo, kasia zikaanguka,
Shela yake yaelea, mwenyewe hajaibuka.

Hapo akanyamaza, kwa sababu hapo ndipo Gedu aliponyamaza. Wote mliofika sokoni enzi zile mnaujua ujanja wa wauza mashairi, huimba hadi mahali ambapo roho ya mtu imekaa kooni, kisha hukohoa, huinua karatasi juu, na anayetaka mwisho anunue. Babu hakuwa amenunua, maana mtu asiyejua kusoma anunue karatasi ya nini? Bi harusi akageuka, kope zimevimba, akamtazama mumewe kwa mara ya kwanza, na neno la kwanza alilowahi kumwambia katika ndoa ya miaka hamsini na saba likawa hili:

"Halafu?"

Babu alimwahidi kwamba Jumatano ijayo angemletea mwisho. Siku hizo za katikati bibi hakulia sana, maana alikuwa anangoja. Lakini Moyna alikuwa amekwisha kumfikishia kaka yake maneno aliyoyasikia wakati wa kuchana nywele, kwamba bi harusi alisema, kama angejua kuogelea, angeruka mtumbwini siku ile ile ya harusi.

Jumatano babu alirudi na karatasi, lakini haikuwa ya Nilufa, ilikuwa na picha ya nyoka. Alisema amekosea, yeye hajui kusoma, karatasi zote kwake ni sawa. Bibi aliudhika, lakini karatasi ni karatasi, akaifungua akaisoma kwa sauti, na mama mkwe akauacha mchi ndani ya kinu, na mke wa jirani akapenya kupitia ua, na jioni hiyo hakuna aliyepika kwa wakati. Juma lililofuata alileta ya treni. Juma lililofuata alileta ya samaki aliyemeza pete. Kila Jumatano bibi alimkumbusha, yenye mtumbwi, karatasi ya rangi ya waridi, kama ulivyosema mwenyewe, umesikia, yenye mtumbwi, na kila Jumatano aliletewa nyingine, na zote alizitunza. Kwa hiyo ule mkusanyiko ambao watu wametoka hata mji mkuu kuja kuuona ulianza hivyo, kwa makosa ya mtu asiyejua kusoma.

Ni juma hilo hilo la nyoka ambapo babu alianza kumfundisha mkewe kuogelea, alfajiri kabla majirani hawajaamka, katika bwawa letu la nyuma, mkewe akishikilia gogo la mgomba. Alimwambia kwamba anayeishi haori bila kujua kuogelea ni sawa na anayeishi jikoni bila kujua moto. Na ni juma hilo hilo ambapo bata wawili wa mama mkwe walipotea, babu akasema amemwona mbweha, na Sabjan, Mungu amrehemu, alimtegea mbweha huyo mitego kwa mwaka mzima, akanasa mbwa wa imamu.

Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto watatu, Monjila aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1968, Ilias aliyezaliwa tarehe 20 Desemba 1972, na Motaleb aliyezaliwa tarehe 11 Juni 1976. Kuhusu jina la mtoto wa kwanza kulikuwa na ugomvi pekee mkubwa ambao wakwe walipata kuusikia, kwa maana bibi alitaka aitwe Nilufa, na babu, ambaye katika kila jambo alisema sawa, wewe ndiye uliyesoma, safari hii alikataa katakata, akasema binti yake hataitwa jina la mtu ambaye habari zake hazijulikani ziliishia wapi. Akamwita Monjila, yaani mahali pa kufika. Tangu siku hiyo wao wawili waliitana Baba Monjila na Mama Monjila.

Mwaka 1971, vita vilipofika Netrokona, familia ilikimbia kwa mtumbwi kuelekea milima ya mpakani. Bibi alipakia sanduku la mashairi kwanza, kisha mtoto, kisha sufuria. Mama mkwe alikaa gatini akamwambia, "Mwanangu, laiti ningekuwa shairi, ningekuwa nimeshapanda." Bibi akamjibu kwamba mashairi hayanung'uniki njiani. Walicheka wote wawili, milio ya risasi ikisikika ng'ambo, na Sabjan aliyakalia mashairi hayo safari nzima ili yasiloane, akakaa juu yake kambini pia, akasema hajawahi kukalia kiti cha wasomi kama kile.

Kuhusu kazi, marehemu aliajiriwa mwaka 1978 kuwa mhudumu wa afya wa vijiji, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2011. Alikwenda nyumba kwa nyumba, masika kwa mtumbwi na kiangazi kwa miguu, akipima watoto na kufundisha maji ya chumvi na sukari kwa wanaoharisha, na akishamaliza kuuliza mtoto ameharisha tangu lini na anakunywa nini, aliuliza kwa sauti ile ile, na karatasi za mashairi mnazo? Zilitoka chini ya magodoro, ndani ya makoba ya mbegu, nyuma ya picha za Makka. Nyingine alizikuta zimetandikwa chini ya kuku anayeatamia, akaketi akangoja vifaranga. Mwaka wa mafuriko makubwa, 1988, mtumbwi wake ulipopinduliwa na upepo, aliogelea hadi nchi kavu na sanduku la dawa juu ya kichwa, na aliposifiwa alisema msifuni mwalimu wake, ambaye wakati huo alikuwa amesimama kwenye gati akitetemeka kuliko mtu aliyeanguka majini.

Hakuna muuza mashairi aliyepita haori bila kufika nyumbani kwake. Walipata wali na samaki, naye alipata karatasi. Na kaseti zilipoingia, kisha simu, na wauzaji wakaacha mmoja mmoja, wakawa wachuuzi wa sabuni na madereva wa riksho, bado walikuja kusalimia, wakimletea walichobakiza.

Sasa mtu atauliza, karatasi zote hizo, zaidi ya elfu nne, alizipangaje? Hakuzipanga kwa jina la kisa, maana majalada mengi yalikuwa yamechanika, wala kwa mtunzi, ingawa watunzi wetu hujitaja katika ubeti wa mwisho, jina, kijiji na posta. Alizipanga kwa picha, kwa sababu mkutubi msaidizi wake hakujua kusoma. Alisuka vikapu, akavichora kwa rangi ya matofali, kikapu cha nyoka, cha treni, cha samaki, cha mwezi, cha bunduki, cha nyumba inayoungua, akatandika majani ya mwarobaini chini ili wadudu wasikaribie, na ndani ya kila karatasi aliweka ukanda mwembamba wenye jina la mtunzi na kijiji chake, mahadhi ya kuimbia, soko ilikonunuliwa, na nani aliyempa. Akikaa uani na wageni angeita tu, Baba Monjila, niletee wimbo wa mke na hakimu, na babu angeingia ndani gizani akatoka nao. Hakukosea hata siku moja. Bibi alimtania mbele ya watu, akasema mume wake ana macho ya nyumbani na macho ya sokoni, ya nyumbani ni ya kipanga na ya sokoni ni ya popo. Babu alicheka na kutafuna tambuu yake.

Na kikapu kimoja, chenye picha ya mtumbwi, kilikaa mbele ya vyote bila karatasi iliyochapwa. Bibi aliulizia Kisa cha Nilufa katika kila nyumba aliyopima mtoto, alituma salamu kwa manahodha wa mitumbwi, aliandika hadi Mymensingh, akajibiwa kwamba kiwanda kilichokichapa kilifungwa zamani. Kila mtu aliujua mwanzo wake, wazee waliuimba mpaka shela inaelea, na hakuna aliyekuwa na karatasi. Kilikuwa kitu cha ajabu, kwa sababu mashairi mabaya kuliko hilo yalijaa kila nyumba. Ndani ya kikapu hicho aliweka mwanzo, alioandika kwa mkono wake kutoka kinywani mwa babu, pamoja na miisho ya babu.

Nieleze miisho ya babu. Tangu mwaka ule wa ndoa, kila mvua za kwanza zilipoanza kupiga mabati, bibi alimwambia aimbe Nilufa, naye aliimba mpaka pale pale, bibi akauliza, halafu? Na babu, kwa kuwa hakuweza kumwacha mwanamke yule majini, alijitungia. Mwaka mmoja Nilufa alibebwa na fisi maji. Mwaka mwingine aliokolewa na wavuna matete, akawa mkunga mashuhuri. Mwaka mwingine alifungua duka la chai stesheni ya Mohanganj, na yule bwana harusi akaja kunywa chai asimtambue, akadaiwa mara mbili. Bibi aliyaandika yote na kuyapa mahali katika faharasa yake, Mwisho wa Tota, wa mvua za mwaka fulani, na chini yake, mwisho wa kweli haujapatikana.

Mwisho wa kweli ulipatikana Julai 2004. Mafuriko ya mwaka huo yaliingia ndani hadi kimo cha kitanda, na mnakumbuka kwamba nyumba yetu ilikuwa bado ya mianzi, iliyobandikwa magazeti ndani kwa uji wa wali kama nyumba zote, tabaka juu ya tabaka kila mwaka. Maji yalipopungua, ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa umelegea, magazeti yakaanza kubambuka kama ganda la kitunguu, na chini kabisa ya magazeti yote, bibi alipokuwa akisugua tope, ikaonekana rangi ya waridi. Akavuta. Ikatoka karatasi iliyobandikwa uso ukiangalia mwanzi. Akaigeuza, ikawa na picha ya mtumbwi. Pembeni yake kulikuwa na nyingine, na nyingine, ukuta mzima, kutoka kichwani mwa kitanda hadi miguuni. Alikuwa amelala miaka thelathini na minane shubiri moja kutoka mwisho wa Nilufa.

Aliketi kwenye kitanda kilicholowa akasoma. Nilufa alikuwa amezama. Mtunzi alimtoa majini asubuhi kwa nyavu za wavuvi, akamzika kwa ubeti mmoja, akawaonya mabinti wote wawatii wazazi wao, akataja jina lake, kijiji na posta, akamaliza.

Babu alipoingia, akitoka kumfunga ndama juu ya tuta, alimkuta mkewe ameshika karatasi hiyo. Mama yetu Monjila alikuwa mlangoni na aliyasikia yote, ndiyo maana tunaweza kuyasema.

"Baba Monjila, hiki nini?"

"Karatasi."

"Karatasi gani?"

"Mimi nitajuaje, sijui kusoma."

"Nikikutuma wa nyoka hujawahi kuniletea wa treni. Picha hii ni ya nini?"

Babu akaitazama karatasi, akautazama ukuta, akaona hakuna pa kukimbilia maana nje kote ni maji.

"Ya mtumbwi," akasema. "Ulikuja unalia, Mama Monjila. Moyna akaniambia ulitaka kuruka. Kinyozi akanisomea ule mwisho pale sokoni, nikatazama nyumba yangu, imezungukwa na maji pande zote nne. Nikuletee mwanamke aliyezama?"

Hakuleta hata moja. Na kwa kuwa jirani yeyote angeweza kuinunua na bi harusi angeiomba aisome, alizichukua zote, bunda zima la Gedu, mpaka Gedu akadhani amepata mshindani wa biashara. Kuzichoma hakuweza, kwa sababu zilikuwa na jina la Mungu mwanzoni kama mashairi yetu yote, na kuzitupa majini aliona ni kumzamisha Nilufa mara ya pili, basi akazibandika ukutani wakati mkewe ameenda kwao kusalimia, uso ndani, na magazeti juu.

Bibi aliipangusa karatasi ile kwa kiganja. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Ulizinunua kwa pesa gani? Ulikuwa huna kitu mwaka ule."

"Kwa bata."

"Bata wa mama?"

"Hakukuwa na mbweha," akasema babu.

Mama yetu anasema bibi alianza kucheka taratibu, kama maji yanayochemka, na akacheka mpaka akateleza kitandani akakaa kwenye tope, na babu akakaa naye. Siku ya pili walikwenda kwa mtumbwi hadi kwenye tuta la makaburi, na bibi akamwomba radhi mama mkwe wake kwa niaba ya mbweha, na kwa niaba ya mbwa wa imamu.

Karatasi zilizotoka nzima zilikuwa kumi na moja. Alizikausha juani juu ya matandiko ya viraka, akaziweka katika kikapu cha mtumbwi, akaandika kwenye ukanda wake jina la mtunzi, kijiji chake na posta, soko la Jumatano, na mahali pa aliyempa aliandika, mume wangu, bila kutaka. Tulidhani sasa angeifuta ile miisho ya babu. Hakuifuta. Alichofuta ni yale maneno, mwisho wa kweli haujapatikana. Na mvua za mwaka uliofuata zilipopiga bati jipya, alimwambia babu aimbe, babu akaimba mpaka shela inaelea, akasita, akamtazama, akasema lakini sasa unaujua. Bibi akamjibu kwamba anaujua wa mtunzi, yeye anauliza wa Tota, "Halafu?"

Mwaka 2012 Bi Dilruba, mkutubi kutoka Mymensingh, ambaye yuko nasi leo, alianza kuja kila kiangazi na masanduku yasiyoliwa na wadudu, na kwa ridhaa ya marehemu mashairi yote yamepelekwa mahali pa salama ambapo msomaji yeyote anaweza kuyaona. Juu ya kila sanduku alikubali kuchora picha ile ile ya kikapu, nyoka, treni, samaki, na tunamshukuru kwa hilo, kwa sababu babu alipokwenda kutembelea aliyapata yote bila kumuuliza mtu.

Marehemu alianza kuugua figo mapema mwaka 2022. Alitibiwa Netrokona, kisha Mymensingh, na mwezi wa Septemba mwaka huu wa 2023 aliomba arudishwe nyumbani, akalazwa chumba cha upande wa bwawa. Hakuwa mgonjwa wa huzuni. Aliwasomesha wauguzi mashairi, alimrekebisha daktari mahadhi, na kila jioni babu aliketi kizingitini kama siku ile ya kwanza akamwimbia Nilufa, akifika pale akanyamaza, na bibi, hata sauti ilipobaki ya pumzi tu, aliuliza, halafu? Kila jioni alipewa mwisho mwingine.

Jana, Jumapili tarehe 12 Novemba 2023, baada ya sala ya magharibi, babu aliimba mpaka shela inaelea, akanyamaza, akangoja. Bibi hakuuliza. Babu akangoja tena. Kisha, kwa kuwa hajawahi kumwacha mwanamke yule majini hata mwaka mmoja, aliendelea mwenyewe hadi mwisho, bila kuulizwa, na alipomaliza, bibi alikuwa amekwenda, na uso wake ulikuwa umegeukia mlangoni. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea.

Mwisho huo alioimbiwa tutausoma, lakini baada ya shukrani, kwa agizo la marehemu mwenyewe, ambaye aliwajua watu wa Shalukhati, alisema wakishapata mwisho hawangoji hata tambuu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Netrokona na Mymensingh, ambao walimhudumia kwa subira na kumruhusu kuwa na karatasi chini ya mto. Inawashukuru wahudumu wa afya wenzake wa zamani, waliombeba kwa zamu kutoka stesheni aliporudishwa nyumbani. Inamshukuru Bi Dilruba. Inawashukuru majirani wote, hasa nyumba ya kinyozi, waliopika kwa ajili yetu tangu jana, na wauza mashairi wa zamani wanne walioketi pale chini ya paa la ng'ombe, ambao hawakualikwa na mtu, walisikia tu wakaja. Inamshukuru shangazi Moyna, kwa kuwa na mdomo usio na mlango, maana bila huo kaka yake angeleta karatasi ile Jumatano ile, na haijulikani kama sisi tungekuwepo. Chakula kipo, wali wa dengu na samaki, na babu amesema niwatangazie kwamba bata pia wapo, wawili, wamechinjwa kwa jina la mama yake, deni limelipwa.

Huu ndio mwisho wa Nilufa, kama alivyouimba Tota Mia jana jioni, na kama utakavyoandikwa katika ukanda wa mwisho wa sanduku la mtumbwi.

Nilufa chini kwa chini, apita kama samaki,
Kuogelea ajua, kwa maji hazamishiki;
Akatokea ng'amboni, nguo zikichuruzika,
Mtu kando asubiri, na wimbo ulokatika;
Akamwambia "Halafu?", wimbo ukaendelea,
Ndimi Tota, Shalukhati, nami nakuja, ngojea.

Pumzika kwa amani, bibi yetu Golapjan, mwisho umeupata.